Kuvuta kabla ya kukimbia: ninavyowajibu wenye kiwewe na sonona

Swali hili naulizwa mara kwa mara, na anayeuliza huwa amepunguza sauti: "Dada, mimi nikivuta bangi kidogo alfajiri halafu nikatoka kukimbia, siku yangu inakaa sawa. Kuna ubaya gani?" Anapunguza sauti kwa sababu anajua Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza bangi, na anaogopa nitamkemea au nitamsema kwa watu. Mimi ni mwanasaikolojia tiba, na wengi wanaonijia wana kiwewe, yaani jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha, au sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Anayekaa mbele yangu ni dereva wa bodaboda aliyenusurika ajali iliyomuua abiria wake, au binti aliyeingiliwa kwa nguvu, au kijana aliyezika wazazi wote kabla hajamaliza shule. Akiniambia kwamba kuna kitu kinampa nafuu, nasikiliza mpaka mwisho.

Na nafuu anayoisema ni ya kweli. Ninachobishana naye ni nani apewe sifa. Kwa ninavyousoma ushahidi, na kwa ninavyowaona watu wakipona, kazi kubwa inafanywa na zile mbio, pamoja na mwanga wa asubuhi na wenzake anaokimbia nao. Msokoto unapokea sifa isiyo yake, na kadiri siku zinavyokwenda unaila faida ya mazoezi.

Naomba nianze na mwili. Ubongo wetu unatengeneza wenyewe kemikali zinazofanya kazi kama za bangi. Mojawapo ni anandamaidi, iliyotambuliwa mwaka 1992 na watafiti waliofanya kazi na Raphael Mechoulam huko Jerusalem. Inashika vipokezi (sehemu za seli zinazopokea kemikali) vilevile vinavyoshikwa na THC, kiambata kinacholeta stimu kwenye bangi. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba raha anayoipata mkimbiaji inatokana na endofini, kemikali ya mwili inayotuliza maumivu. Mwaka 2021 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, waliwapa watu dawa inayozuia endofini isifanye kazi, kisha wakawakimbiza kwa dakika 45. Raha ilikuja hata hivyo, wasiwasi ukapungua, na kemikali hizi za jamii ya bangi zikaonekana zimepanda kwenye damu.

Kwa hiyo anayevuta kisha akakimbia anabisha hodi mara mbili kwenye mlango mmoja. Tatizo ni kwamba mlango ukigongwa kila siku na THC, wa ndani huanza kutoitika. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walipiga picha ubongo wa wanaume 30 waliokuwa wakivuta kila siku kwa miaka. Vipokezi hivyo vilikuwa vimepungua kwa karibu asilimia 20 katika sehemu za tabaka la nje la ubongo. Baada ya takriban wiki nne bila kuvuta, vilikuwa vimeongezeka tena. Hapo ndipo ninapopata maelezo ya malalamiko ninayoyasikia kwa wavutaji wa siku nyingi: "Zamani nilikuwa nikikimbia tu najisikia vizuri, sasa bila kijiti sioni ladha." Hakuna aliyelipima hili moja kwa moja kwa wakimbiaji wetu, ni hitimisho langu, na ndilo ninalolifanyia kazi.

Upande wa mazoezi ushahidi ni mzito. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 156 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na sonona. Baadhi walifanya mazoezi mara tatu kwa wiki, baadhi walipewa dawa ya sertralini, na wengine vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana. Walipofuatiliwa baadaye, waliokuwa kwenye kundi la mazoezi peke yake walirudiwa na ugonjwa kwa nadra zaidi. Mwaka 2024 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 218 zenye washiriki zaidi ya 14,000, na kutembea, kukimbia polepole, yoga na kunyanyua vyuma vyote vilionekana kusaidia. Kutembea kwa miguu kumo humo, tena karibu na juu kabisa. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu wengi wanadhani bila viatu vya bei na kilomita kumi hawajafanya kitu.

Upande wa bangi na kiwewe, utafiti niliousubiri kwa hamu kuliko yote ulitoka Marekani mwaka 2021. Askari wa zamani 80 wenye ugonjwa wa kiwewe walipewa bangi ya kuvuta ya aina tofauti, na kundi moja likapewa majani yaliyoondolewa nguvu bila kujua. Baada ya wiki tatu makundi yote yalikuwa yamepata nafuu, pamoja na lile la majani matupu, na hakuna aina ya bangi iliyolishinda kundi hilo kwa tofauti ya kuaminika. Kwa haki yote, zipo pia tafiti ndogo za maabara zinazoonyesha kwamba kidonge cha THC kinaweza kumsaidia mtu mwenye afya kujifunza kuacha kuogopa kitu. Lakini hicho ni kidonge cha kipimo kinachojulikana, mara moja, chini ya uangalizi. Msokoto wa mtaani haujulikani una THC kiasi gani, na skanka inayozunguka mjini siku hizi ina nguvu kuliko bangi waliyoizoea kaka zetu wakubwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini, nalo ni mapigo ya moyo.

Mtu mwenye kiwewe anauogopa mwili wake. Siku ya tukio moyo ulidunda, pumzi zikakata, jasho likamtoka, na ubongo ukaandika kwamba mwili ukiwa hivi, kifo kipo karibu. Ukimwambia akimbie, unamrudishia hali ileile. Namkumbuka dereva mmoja wa bodaboda (nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha) aliyegongwa na lori Barabara ya Kilwa. Mguu ulipona. Lakini kila alipojaribu kukimbia, kabla hajafika mbali alikaa chini akiamini moyo unapasuka. Rafiki yake akampa suluhisho: vuta kwanza. Akavuta, akakimbia, hakuogopa. Ukimsikiliza juu juu utasema bangi imemponya.

Alichojifunza ubongo wake ni kwamba kukimbia ni salama akiwa amevuta. Siku alipokosa kijiti, hofu ilikuwa palepale ilipoachwa, na imekua. Tiba ya kiwewe inataka kitu tofauti: moyo udunde, mtu akae nao akiwa na akili zake, aone hafi, kisha arudie kesho. Tulianza na kupanda ngazi mbio kwa dakika moja, kisha kukaa na kuhesabu mapigo yakishuka yenyewe. Tukaenda kwenye kutembea haraka uwanjani karibu na kwao, mbali na magari. Baadaye kutembea kando ya barabara yenye malori, mchana, akiwa na ndugu yake. Mbio zilikuja mwishoni. Kila hatua nilimwomba aifanye bila kuvuta, hata kama jioni yake angevuta, kwa sababu nilitaka ushindi huo ubongo uuandike kwa jina lake. Leo anakimbia na kikundi. Barabara ya Kilwa usiku bado haipendi, na hatumlazimishi.

Kuna sababu nyingine ya kutotanguliza msokoto, na hii ni ya mwili mtupu. Bangi yenyewe inapandisha mapigo ya moyo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 uliowahoji wagonjwa 3,882 wa shambulio la moyo ulikuta kwamba katika saa moja baada ya kuvuta, hatari ya shambulio inapanda karibu mara tano. Kwa kijana mzima hatari hiyo bado ni ndogo. Ongeza joto la Dar la Januari na Februari na unyevu wa pwani, kisha ongeza amitriptilini, dawa ya sonona inayoandikwa sana kwetu na ambayo nayo huweza kuharakisha moyo. Hapo siko tayari kusema "kidogo hakina neno". Na mtu mwenye stimu anavuka barabara vibaya. Bodaboda za alfajiri hazisubiri.

Usiku nao una habari yake. Wengi wenye kiwewe wanavuta ili wasiote. Ni kweli, bangi hupunguza usingizi wa ndoto. Ukiiacha ghafla, ndoto zinarudi kwa fujo, unakuwa na hasira za karibu, chakula hakipandi, usingizi unakatika. Hali hii huanza siku ya kwanza au ya pili, hukolea ndani ya wiki ya kwanza, na kwa wengi inatulia kufikia wiki mbili, ingawa ndoto huweza kuchelewa zaidi. Asiyeambiwa mapema anahitimisha kwamba ugonjwa umerudi na kwamba bangi ndiyo ilikuwa dawa. Anarudi kuvuta siku ya tano, siku ambayo ilikuwa ngumu kuliko zote zilizobaki mbele yake.

Mazoezi yanasaidia hapohapo. Kuna utafiti mdogo wa mwaka 2011 wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, wa watu 12 waliokuwa wakivuta sana na wasiotaka matibabu ya kuacha. Walikimbizwa kwenye mashine dakika 30, mara kumi ndani ya wiki mbili, na uvutaji wao ukashuka kwa zaidi ya nusu. Watu 12 ni wachache, siutumii kama ushahidi wa mwisho. Lakini unafanana na ninachokiona: aliyeingia kwenye kikundi cha joging anaanza kuahirisha kijiti kwa sababu kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri wenzake watampigia simu.

Hivi vikundi vya joging ni hazina ya jiji hili. Jumamosi na Jumapili ukipita Temeke au Mbagala unawakuta wako barabarani kwa mistari, fulana za rangi moja, wanaimba na kuitikia kama mchakamchaka wa shuleni. Kuitikia wimbo huku unakimbia kunapanga pumzi, na kunamzuia mtu asikimbie zaidi ya uwezo wake, maana aliyezidiwa hawezi kuimba. Vikundi vingi pia vinazikana na kuchangiana. Mgonjwa wa sonona ambaye hana hamu ya kumwona mtu anahitaji mahali ambapo kutokea kwake kunahesabiwa, bila kulazimika kueleza anaumwa nini. Wa upande wa pwani wana Coco Beach, Barabara ya Toure na Daraja la Tanzanite, na wanaoishi karibu na Mlimani wana miti na vilima vya chuo. Kwa dada aliyeumizwa na mwanaume, sishauri giza la alfajiri wala kukimbia peke yake ufukweni. Atembee jua likishatoka, na mtu anayemwamini, kwenye njia anayoichagua mwenyewe.

Mwenye sonona kali asianze na mbio. Lengo la wiki ya kwanza linaweza kuwa kutoka kitandani na kukaa barazani juani, kisha kutembea hadi duka la tatu na kurudi. Nawaomba ndugu wasicheke hatua hizi wala wasiseme "mbona ni kivivu". Na dawa za hospitali zisiachwe kwa sababu mtu ameanza mazoezi.

Kwa anayevuta na hajawa tayari kuacha, ninachoomba ni hiki: asubuhi ya mazoezi iwe safi. Atenganishe viwili hivyo kwa wiki kadhaa, aandike jioni hali yake ilikuwaje siku ya mbio peke yake, siku ya msokoto peke yake, na siku isiyo na chochote. Nimeona watu wakibadili mawazo kwa daftari lao kuliko kwa maneno yangu. Na asitembee na kijiti mfukoni kwenda ufukweni. Usiku mmoja wa mahabusu unaweza kurudisha nyuma kazi ya miezi kwa mtu mwenye kiwewe.

Wapo ambao kwao sikubali bangi hata kidogo: vijana ambao hawajapita mwanzo wa miaka ya ishirini, na wote ambao wao wenyewe au ndugu wa damu wamewahi kusikia sauti zisizokuwepo au kuugua akili kwa namna hiyo. Uchunguzi wa makuruti zaidi ya 45,000 wa Sweden, uliochapishwa mwaka 1987, ulikuta kwamba waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walikuwa na hatari ya skizofrenia (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo) mara sita ya wasiovuta. Sababu zake zimejadiliwa sana tangu hapo, lakini mwelekeo huohuo umeonekana tena na tena.

Mama au mke akiona mgonjwa halali siku kadhaa, anaongea na watu wasioonekana, anadhani anafuatiliwa, au anasema afadhali afe, huo si wakati wa kumtoa akimbie wala wa kumfungia ndani. Mpelekeni hospitali yenye huduma ya afya ya akili usiku huohuo, mkiwa na dawa zake zote mkononi, na asiachwe peke yake njiani. Mkifika, msifiche bangi kwa kuona aibu au kuogopa. Semeni alivuta lini mara ya mwisho, mara ngapi kwa siku, na kama ilikuwa ya kawaida au skanka, kwa sababu majibu hayo yanabadilisha dawa atakayopewa.