"Ukikua utakuwa nani?" Yale tunayokosea kuhusu watoto wa miaka 11 hadi 14 na kazi za baadaye

Mtoto wa miaka 12 akiulizwa atakuwa nani akikua, mara nyingi hujibu upesi: daktari, rubani, mwanasheria. Mkubwa aliyeuliza hutabasamu, akamsifu, na mazungumzo yakaishia hapo. Naamini hapo ndipo yangeanzia.

Dhana: Bado ni wadogo, wasubiri kwanza wakue.

Ukweli: Sisi tukisubiri, wao wanaendelea kufuta. Mwaka 1981 mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Gottfredson, alieleza jinsi watoto wanavyopunguza, hatua kwa hatua, kazi wanazojiona wanazifaa. Kwa maelezo yake, kati ya miaka 6 na 8 mtoto huziacha kazi anazodhani ni za jinsia nyingine. Kati ya miaka 9 na 13 huziacha zile anazoziona duni kwa watu wa hali yake, pamoja na zile anazodhani hawezi kuzifikia. Hakai chini akaamua, wala baadaye hakumbuki kuwa kulikuwa na kitu alichokiacha. Kwa hiyo anapofika umri wa kuchagua masomo, orodha iliyo mbele yake imeshakatwa.

Picha za nani hufanya kazi gani huingia kichwani mapema kuliko tunavyodhani. Katika utafiti wa David Chambers uliochapishwa mwaka 1983, watoto 4,807 wa shule za msingi waliombwa wachore mwanasayansi. Michoro 28 tu ilionyesha mwanamke, na yote ilichorwa na wasichana. Hakuna mvulana hata mmoja aliyemchora. Lakini liko la kutia moyo: nchini Marekani, utafiti ulipoendelea kurudiwa katika miongo iliyofuata, wanawake waliongezeka katika michoro ya watoto, sambamba na walivyoongezeka katika sayansi yenyewe. Mtoto huchora alichokiona. Basi tumwonyeshe zaidi.

Dhana: Lengo ni mtoto achague kazi.

Ukweli: Katika umri huu lengo ni aone. Kumbana mtoto wa darasa la saba ataje kazi moja ni kumfundisha kujibu ili aachwe. Takwimu za mwaka 2018 za PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, zilionyesha kwamba katika nchi 41, asilimia 47 ya wavulana na asilimia 53 ya wasichana wa miaka 15 walitarajia kufanya moja kati ya kazi 10 zinazopendwa zaidi. Kumi! Ilhali uainishaji wa kazi wa Shirika la Kazi Duniani, ule wa mwaka 2008, una makundi 436, na kila kundi lina kazi nyingi ndani yake.

Zoezi ninalolipenda halihitaji fedha wala mgeni rasmi. Fungua bomba darasani, kisha uliza: maji haya yamepita mikononi mwa nani? Watoto huanza na fundi bomba. Wakisukumwa kidogo humfikia anayeyapima maabara, aliyechora ramani ya mabomba, anayelinda pampu usiku, anayesoma mita, anayeandaa ankara, aliyeandika mkataba wa ujenzi, anayepokea simu za malalamiko. Ndani ya nusu saa ubao umejaa, na baadhi ya kazi zilizoandikwa hapo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuzifikiria.

Dhana: Dodoso litatuambia mtoto anafaa kazi gani.

Ukweli: Madodoso mengi yamejengwa juu ya aina sita za mielekeo alizozieleza mwanasaikolojia wa Marekani, John Holland: kazi za mikono na vifaa, uchunguzi, sanaa, kuhudumia watu, kushawishi na kuongoza, na kazi za utaratibu na kumbukumbu. Yanapima mtoto anapenda nini leo. Hayapimi uwezo wake, na mapenzi ya umri huu bado hayajatulia. Nisingependa kuona matokeo hayo yakiandikwa kwenye ripoti ya shule kama hukumu. Yatumie kuanzishia maongezi: "Hapa imeandikwa unapenda uchunguzi. Kweli? Ni lini mara ya mwisho ulipochunguza kitu mpaka ukasahau saa?"

Dhana: Asiyeweza hesabu sasa, kazi za sayansi si zake.

Ukweli: Alama za mwaka mmoja zinaonyesha pia alivyofundishwa na alivyokuwa akiishi mwaka ule. Mtafutie msaada wa hesabu kabla ya kumfungia mlango.

Dhana: Mzazi asiyesoma sana hana la kumsaidia mwanawe.

Ukweli: Anachohitaji ni kumzoesha mtoto kuuliza watu wanaofanya kazi, majirani na ndugu wakiwemo. Maswali matatu yanatosha kuanzia: Jana ulifanya nini tangu asubuhi hadi jioni? Kazi hii uliipataje? Kitu gani kinakuchosha humo? Hilo la mwisho watoto huliogopa, wakidhani ni utovu wa adabu. Wahimizwe waliulize kwa heshima, kisha wamwache mkubwa aseme mpaka amalize.