Matundu ya mtutu kwenye rivolva ya kuwindia: ni nini, na nani anayahitaji

Kutoboa mtutu ni kukata matundu madogo upande wake wa juu, karibu na mdomo, ili sehemu ya gesi ya baruti itokee hapo badala ya kutoka yote mbele. Gesi inayoruka juu huusukuma mtutu chini, na kwa hiyo mdomo wa silaha haupai sana baada ya kufyatuliwa. Hapa Lubumbashi jambo hili linajulikana zaidi kwa watazamaji wa video za wawindaji wa Marekani kuliko kwa wawindaji wenyewe, kwa kuwa mwindaji wa kwetu hubeba gobore au bunduki ya marisawa, ilhali kuwinda kwa rivolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, ni desturi ya Marekani, ambako majimbo mengi yanairuhusu. Lakini katika mji wenye mafundi wengi wa kukereza vyuma, waliozoea kuchonga vipuri vya mashine za migodi, si ajabu mtu kuuliza kama tundu dogo namna hiyo linaweza kweli kupunguza teke la silaha.

Jibu linategemea teke gani linalosemwa, maana yako mawili. Risasi inapokwenda mbele, silaha husukumwa nyuma kwenye kiganja. Hilo ndilo la kwanza. La pili ni kupaa kwa mdomo, ambako hutokea kwa sababu mtutu uko juu ya mkono unaoushika, na msukumo unaopita juu ya kifundo cha mkono hauna budi kuizungusha silaha. Rivolva ina tatizo hili kuliko bastola nyingi, kwa sababu karibu zote hufyatua risasi iliyo kwenye chemba ya juu kabisa ya silinda. (Waitaliano wa Chiappa waliligeuza jambo hili katika rivolva yao ya Rhino, inayofyatua kutoka chemba ya chini, na mdomo wake hutulia bila tundu lolote.)

Matundu hupambana vizuri na kupaa, lakini kusukumwa nyuma huyashinda kwa sehemu kubwa. Tuchukue risasi ya .44 Magnum, aina kubwa ya risasi za rivolva, yenye kichwa (kipande kinachoruka) cha gramu 15.5 na baruti ya gramu 1.5 hivi. Baruti ikiungua huwa gesi, na gesi hiyo, ingawa uzito wake ni kama sehemu ya kumi tu ya kichwa, hutoka mdomoni kwa kasi inayopita ya kichwa mara mbili au tatu. Kwa makadirio, basi, kama sehemu moja ya tano ya teke lote hutokana na gesi, na zilizobaki hutokana na kichwa chenyewe. Hakuna tundu linaloweza kuigusa sehemu ya kichwa. Hata gesi yote ingegeuzwa upande, mkono ungeendelea kupokea sehemu nne kati ya tano, na matundu ya kawaida hugeuza kiasi tu cha hiyo moja. Anayelalamika kwamba kiganja kinamuuma atakatishwa tamaa. Anayelalamika kwamba anachelewa kurudi kwenye shabaha kwa risasi ya pili ana sababu ya kuyafikiria.

Nguvu ya risasi nayo ina neno. Matundu huishi kwa gesi, na palipo na gesi nyingi yenye shinikizo kubwa ndipo yanapofanya kazi. Kipimo cha juu cha shinikizo la .44 Magnum katika viwango vya Marekani ni pauni 36,000 kwa inchi ya mraba, na cha .454 Casull, risasi ya rivolva yenye nguvu zaidi, ni 65,000. Smith & Wesson, watengenezaji wa silaha wa Marekani, walipotoa rivolva yao ya Model 500 mwaka 2003, yenye uzito unaopita kilo 2 katika umbo lake la mtutu mrefu, waliifunga kifaa chenye matundu mdomoni tangu kiwandani, na sidhani kuna aliyewauliza kwa nini. Lakini mtu anayetoboa mtutu kisha akatumia risasi zenye nguvu ndogo amelipia matundu yasiyo na cha kupitisha.

Gharama iliyo nzito kuliko zote iko masikioni. Mshindo wa rivolva kubwa hupita desibeli 160, wakati mshindo mmoja unaozidi 140 unatosha kulidhuru sikio moja kwa moja, na matundu huuleta mlipuko karibu zaidi na uso wa mpigaji na wa yeyote aliyesimama kando yake. Kwenye uwanja wa mazoezi kila mtu amevaa vizibo. Porini mwindaji huvivua ili asikie majani yakikatika, na anayeongoza msafara husimama hatua moja tu kutoka kwake. Ndiyo maana waongozaji wengi wa safari za uwindaji barani Afrika hawapendi kabisa silaha zenye matundu au vizuia teke mdomoni. Kwangu mimi hoja hii peke yake inatosha kuikataa kazi hiyo kwa silaha ya porini yenye nguvu ya .44.

Yapo na madogo. Gesi hupaka masizi kwenye kilenga cha mbele, mwanga wake huziba macho jioni, na anayetumia vichwa vya madini ya risasi tupu atakuta ukoko kwenye kingo za matundu. Silaha haishikwi tena karibu na kiuno au kidevu, kwani gesi huruka kuelekea usoni. Zaidi ya yote, tundu likishakatwa halizibiki.

Kwa hiyo wenye busara huanza na yanayoweza kurudishwa: mpini mpana wa mpira unaojaza kiganja, silaha nzito zaidi, au risasi zenye nguvu ndogo, kwa kuwa rivolva ya .44 Magnum hupokea .44 Special na ile ya .454 Casull hupokea .45 Colt. Kisha huazima silaha iliyotobolewa ya kipimo kilekile na kuifyatua, ikiwezekana siku moja na yao.

Wanaoendelea huipeleka kwa fundi wa silaha anayekata kwa cheche za umeme, njia isiyoacha makali ndani ya mtutu; ncha ndogo iliyoachwa na keekee huparuza kila kichwa kinachopita na kuharibu shabaha. Fundi wa vyuma wa Kamalondo au Katuba hapa Lubumbashi anaweza kuwa na mkono mzuri kuliko huyo, lakini nchini Kongo silaha na risasi zinaongozwa na sheria ya tarehe 3 Septemba 1985, uwindaji na ile ya 28 Mei 1982, na karakana ya vipuri vya migodi si mahali pa kupokea mtutu wa mtu.