Kibete, lakini ni galaksi

Kijana wa mtaani kwetu Ujiji alituletea picha barazani, tukiwa kwenye kahawa. Aliipiga Agosti, saa kumi na moja alfajiri, kamera kaikaza juu ya mtumbwi uliofunikwa kifudifudi, lenzi kaiacha wazi sekunde 15. Kulia, taa za wavuvi wa dagaa zimemharibia (giza linalowapeleka wao ziwani ndilo linalomtoa yeye kitandani). Kusini, doa jeupe kama pamba iliyochambuliwa: Wingu Dogo la Magellan. Kaka mmoja akaitazama, akamrudishia simu. "Galaksi kibete hiyo. Si galaksi hasa. Kama Pluto."

Nimechoka na hiyo "kama Pluto".

Galaksi ni nyota, gesi na vumbi kwa wingi usiosemeka, vilivyoshikana kwa mvutano. Kibete ni ile yenye nyota chache: mabilioni machache au pungufu, ilhali yetu imepita bilioni 100. Basi.

Matata yalianza 2006, Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipoiita Pluto sayari kibete na kuitoa kwenye hesabu ya sayari. Tangu hapo watu wakisikia "kibete" wanaelewa "aliyefukuzwa". Lakini uamuzi ule ulihusu sayari peke yake. Kwenye nyota neno hilo halimfukuzi mtu: Jua letu, kwa mpangilio wa wataalamu haohao, ni nyota kibete. Nenda Soko la Mwanga saa saba mchana ukaliambie si nyota hasa.

Neno galaksi lenyewe limetoka kwenye Kigiriki, gala, yaani maziwa ya kunywa. Ndiyo maana ule mkanda mweupe wa angani, ambao ndio galaksi yetu, unaitwa Njia ya Maziwa. Huku kwetu tafsiri hiyo ina mtego. Niliwahi kumwonyesha bibi jirani, akauliza: "Maziwa yapi, hili letu na lile la Mwanza?" Sikuwa na jibu la haraka.

Wingu Dogo liko nje ya Njia hiyo, umbali wa miaka ya nuru 200,000 hivi (mwaka wa nuru ni mwendo wa nuru kwa mwaka mzima). Ni kwa nyota za humo, zinazong'aa na kufifia kwa zamu, mwanaastronomia Mmarekani Henrietta Leavitt alipata mwaka 1912 kanuni ya kupimia umbali wa galaksi nyingine.

Kwa hiyo kaka yangu, kama kijana lazima akosolewe, mkosoe pale alipotuonyesha "nyota kubwa" kando ya wingu. Kile kidoa chenye ukungu ni 47 Tucanae, malaki ya nyota zilizosongamana, nacho ni cha galaksi yetu.