Pemba katika Hukumu ya The Hague: Msomi wa Usalama wa Kanda Anafanya Kazi Gani?

Mzee mmoja wa Wete, kisiwani Pemba, alinishika mkono baada ya sala ya Ijumaa, mwaka ambao binti yake alichaguliwa kusoma shahada ya uhusiano wa kimataifa chuoni kwetu, hapa Unguja. Hakuwa na hasira. Alikuwa na khofu. "Mwalimu," aliniambia, "mimi sikatai mtoto kusoma. Lakini siasa, mwalimu? Siasa tumeziona." Nilimwelewa bila ya kuuliza zaidi. Kwetu Visiwani neno hilo ni zito. Ni bendera juu ya paa, ni duka la kununua na duka la kulipita, na katika miaka ya tisini yako maziko yaliyogawika kwa ajili yake.

Somo tunalofundisha halimtayarishi mtu kugombea jimbo. Linamfunza kuchunguza kwa nini watu, vyama na nchi hugombana, kwa nini hupatana, na nani hulipa gharama ya yote mawili. Nilimpa mzee yule mfano wa kisiwa chake mwenyewe, na hadi leo ndio ninaofungulia mhadhara wa kwanza wa mwaka.

Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague nchini Uholanzi, ilitoa hukumu ya mpaka wa bahari baina ya Somalia na Kenya. Somalia ndiyo iliyofungua kesi, mwaka 2014. Kenya ilitaka mpaka uelekee mashariki moja kwa moja kwa kufuata latitudo. Somalia ilitaka mstari wa kati, ambao kila nukta yake iko umbali sawa na pwani za pande mbili. Majaji waliikataa hoja ya Kenya kwamba Somalia ilishaukubali mstari wa latitudo kwa kukaa kimya. Lakini ule mstari wa kati nao hawakuuchukua kama ulivyo. Waliitazama pwani ya Somalia, Kenya na Tanzania kwa pamoja, wakaona imebonyea katikati, na Kenya ndiyo iliyokaa pale penye bonde. Wakaandika kwamba kuwepo kwa Pemba, kisiwa kikubwa chenye watu na ambacho ni cha Tanzania, kunazidi kuibana Kenya. Mstari ukasogezwa kuelekea kaskazini, Kenya ikapata bahari zaidi ya ile ambayo ingepata kwa mstari wa kati mtupu. Hata hivyo serikali ya Kenya ilitangaza kuwa haiitambui hukumu hiyo.

Tanzania haikuwa mdai wala mdaiwa. Hata hivyo umbo la Pemba lilipimwa na kuwekwa kwenye mizani ya nchi mbili nyengine. Mwanafunzi anayetoka Micheweni akilisikia hili kwa mara ya kwanza, huwa anakaa wima.

Uko waraka wa zamani zaidi unaomgusa mvuvi wa Kojani kwa karibu kuliko hukumu ile. Kati ya Disemba 1975 na Julai 1976 Tanzania na Kenya zilibadilishana barua za makubaliano juu ya mpaka wao wa bahari, ukiwemo upande wa Pemba. Ndani yake kimo kipengele kinachowaruhusu wavuvi wenyeji wa pande zote mbili, wanaovua kwa ajili ya riziki ya nyumbani, kuvua hadi maili 12 za baharini kila upande wa mpaka wa bahari ya kitaifa, ile iliyo karibu na pwani, kwa kufuata kanuni zilizopo. Mvuvi anayekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya msimu, Shimoni au Vanga kwenye pwani ya Kenya, huenda hajawahi kuusikia waraka huo, na huenda askari wa doria anayemsimamisha hajausikia pia. Kazi yetu inaanzia hapo: kusoma kilichoandikwa, kisha kwenda kuuliza kinachofanyika.

Taaluma yenyewe si kongwe. Kiti cha kwanza cha uprofesa wa siasa za kimataifa kiliwekwa Aberystwyth, nchini Wales, mwaka 1919, pale watu walipotoka katika Vita Kuu ya kwanza wakiuliza vipi balaa kama ile iliachiwa itokee. Kwa miaka mingi wasomi waliyashughulikia zaidi madola makubwa. Mwaka 1983 Barry Buzan wa Uingereza alileta fikra ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayotufaa zaidi sisi watu wa pwani: kwamba ziko nchi jirani ambazo usalama wao umefungamana kiasi cha kuwa huwezi kuueleza wa mmoja ukauacha wa mwenzake.

Mifano ya kufungamana huko tunayo. Novemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli kubwa ya mafuta, Sirius Star, kusini mashariki ya Mombasa, mbali kabisa na pwani ya Somalia. Oktoba 2017 watu wenye silaha walivishambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia, katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma ukitokea Mtwara. Julai 2021 SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilianza kupeleka kikosi huko, wakiwemo wanajeshi wa Tanzania, na kikosi hicho kikaondoka mwaka 2024. Mji mkuu wa jimbo hilo nao unaitwa Pemba. Kwenye pwani yake watu wanazungumza Kimwani, lugha ambayo Mswahili akiitegea sikio siku mbili tatu huanza kuifuata. Nimesoma ripoti nyingi juu ya vita vile zilizoandikwa na watu wasioweza kumsalimia mama wa sokoni kwa lugha yake. Kijana wetu anaanza safari hiyo akiwa mbele yao. Kinachombakia ni kujifunza Kireno, na mimi huwahimiza wanafunzi waanze mapema.

Wala tusijione kuwa sisi ni wa kupokea tu yanayotoka kwa majirani. Januari 2001, baada ya maandamano kuzimwa kwa risasi, Wapemba wapatao 2,000 walivuka na mashua wakakimbilia Shimoni. Jambo la uchaguzi wa Zanzibar likawa jambo la wakimbizi nchini Kenya ndani ya siku chache. Mwafaka wa Oktoba 2001 baina ya vyama vya CCM na CUF, kisha maridhiano ya 2009 na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliyofungua mlango wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ni mambo ambayo msomi wa usalama wa kanda hana budi kuyajua kwa tarehe na kwa sababu zake, si kwa masimulizi ya barazani.

Wanafunzi huniuliza nani wa kumwiga. Huwatajia wawili. Wa kwanza ni Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa hapa hapa, aliyekuwa balozi nchini Misri mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22. Aliiwakilisha Tanzania Umoja wa Mataifa tangu 1970 hadi 1980, na huko akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Columbia huku akiendelea na kazi. Hapo huwa nasita kidogo darasani, kwa sababu vijana wengi hudhani kusoma kunaisha kazi inapoanza. Mwaka 1981 kura ya turufu ya Marekani ilimzuia kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Kuanzia 1989 hadi 2001 aliongoza sekretarieti ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na mwaka 1993, mjini Cairo, umoja huo ukaunda chombo chake cha kuzuia na kutatua migogoro.

Wa pili ni Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1933 katika ukoo ambao zamani uliitawala Mombasa na hata Pemba. Matokeo yake ya skuli hayakuwa mazuri. Alikuja kusoma Manchester, Columbia na Oxford, akawa profesa Makerere angali kijana, kisha akahamia Marekani baada ya Uganda ya Idi Amin kumshinda. Swali lake kubwa lilikuwa hili: mkoloni akiondoka, nani atailinda amani ya Afrika? Alijibu kuwa ni Waafrika wenyewe. Kila kikosi cha Kiafrika kinapovuka mpaka, swali lile linafufuka, pamoja na jengine la nani anakilipia.

Njia ya chuoni ni ndefu, nami sipendi kumdanganya mzazi. Shahada ya kwanza ni miaka mitatu. Baada yake uzamili, kisha uzamivu, ambao kwa wengi huchukua miaka minne au zaidi. Mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa: ngazi za juu zinataka makala zilizopitiwa na wasomi wengine wasiokujua wala hawakuonei haya. Makala yangu ya kwanza ilirudishwa mara mbili. Mara ya pili walikuwa na haki.

Si lazima wote wabakie chuoni. Mambo ya nje, ulinzi na usalama ni mambo ya Muungano, kwa hivyo Mzanzibari anayetaka kuwa ofisa wa ubalozi hupitia wizara ya Muungano, na wengi husoma kwanza katika kituo cha Kurasini, Dar es Salaam, kilichoanzishwa 1978 na Tanzania na Msumbiji, ambacho sasa kimepewa jina la Dk. Salim. Anayedhani mipaka hiyo ya kikatiba ni jambo la makaratasi aisome habari ya Zanzibar kujiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu Disemba 1992 na kujitoa Agosti 1993, baada ya ubishi juu ya nani mwenye mamlaka ya mambo ya nje.

Kazi ya uwandani ndiyo inayowatisha wengi. Ukiuliza habari za usalama kijijini, utadhaniwa mpelelezi. Lazima uwe na kibali cha Serikali, upite kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, umweleze mtu unatafuta nini, na akikataa kuhojiwa uondoke kwa adabu. Jina lake halitoki daftarini. Akikutajia njia zinazopita madawa ya kulevya usiku, wajibu wako wa kwanza ni yeye asidhurike.

Binti wa mzee wa Wete alimaliza, na utafiti wake ulihusu wavuvi wa dago. Wa kwanza kumhoji alikuwa baba yake, ambaye ujanani alivua hadi Vanga. Alimwuliza mpaka walikuwa wanaujuaje. Mzee akamjibu kuwa walitazama mnara wa taa wa Kigomasha, kaskazini ya Pemba: taa ikishazama machoni, unajua umeingia maji ya wengine. Jioni ile ile binti aliichukua ramani na rula, akakaa ukumbini kuipima kauli ya baba yake.