Bei ya mayai supamaketi: dhana potofu na ukweli wake

Mwezi Novemba 2022 supamaketi za Uingereza zilianza kuwauzia wateja mayai kwa kipimo. Asda iliruhusu paketi mbili kwa kila mteja, Lidl ikaruhusu tatu, na Sainsbury's ikaweka kwenye rafu zake mayai yaliyoagizwa kutoka Italia. Watu walitoa maelezo ya haraka haraka kuhusu uhaba ule, na mengi kati ya maelezo hayo bado yanarudiwa kila bei ya mayai inapopanda, hata huku kwetu ambako mayai mengi huuzwa kwa trei sokoni na dukani mtaani.

Dhana: Yai likipanda bei dukani, mfugaji ndiye anayefaidi.

Bei ya kwenye rafu na bei ya bandani ni bei mbili tofauti. Katikati yake, kwa Uingereza, kuna kampuni ya ufungashaji inayokusanya mayai, kuondoa yenye nyufa, kuyapanga kwa ukubwa, kuyapiga mhuri na kuyafikisha supamaketi. Chama cha wafugaji wa kuku wa kuachiwa huru, BFREPA, kilieleza mwaka huo kwamba supamaketi zilikuwa zimeongeza takriban pensi 45 kwa dazeni (pensi 100 ni pauni moja), ilhali mfugaji alikuwa ameongezewa pensi 18 tu. Takwimu hizo zilitolewa na upande mmoja wa mgogoro na zisomwe hivyo. Supamaketi nazo zilikuwa zikilipia umeme na usafiri kwa bei mpya, kwa hiyo si haki kudai kwamba tofauti yote ilikuwa faida.

Hata hivyo, hesabu ya banda moja inatosha kuonyesha jinsi nyongeza hiyo ilivyokuwa ndogo. Banda la kuku 16,000, ambalo si geni nchini humo, hutoa karibu dazeni 1,200 kwa siku wakati kuku wanapotaga vizuri, na kwa kiasi hicho pensi 18 za ziada ni kama pauni 216. Kuku hao hao hula takriban tani mbili za chakula kila siku. Chakula kikipanda kwa pauni 100 kwa tani, pauni 200 zimeshakwenda kabla mfugaji hajalipia umeme, vibarua, kuku wapya na mkopo wa banda. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei ya ngano, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya chakula cha kuku huko, ilipanda vibaya sana.

Dhana: Uhaba ule uliletwa na mafua ya ndege peke yake.

Mafua ya ndege yalikuwepo, tena makali: kuanzia tarehe 7 Novemba 2022 kuku wote wa England walitakiwa kufungiwa ndani. Lakini wafugaji walikuwa wameonya tangu mapema mwaka huo kwamba wenzao wengi wangeacha kazi endapo bei wanayolipwa isingepandishwa, na hili, kwa maoni yangu, ndilo lililosahauliwa upesi kuliko yote.

Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na umri wa wiki 18 hadi 20 hivi, kisha hutaga kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kundi likizeeka, mfugaji huliondoa, husafisha banda na kuamua kama ataingiza jingine. Mnunuzi mkubwa anayekataa kupandisha bei mwezi Machi haoni pengo lolote kwenye rafu mwezi Aprili, kwa sababu kuku waliomo bandani wanaendelea kutaga na kula vilevile, iwe mwenyewe anapata faida au anapata hasara. Pengo hujitokeza miezi kadhaa baadaye, pale mabanda yaliyomaliza kundi yanapoachwa matupu. Ugonjwa ukiingia wakati huo, unakuta nchi haina akiba ya kuku wa kuziba nafasi, na lawama zote zinauangukia ugonjwa.

Dhana: Mfugaji asiyeridhika na bei anaweza kukataa kuuza.

Akatae, mayai ayaweke wapi? Kuku hawasubiri mazungumzo yaishe, na tarehe ya mwisho inayopigwa kwenye yai la Uingereza haizidi siku 28 tangu litagwe. Supamaketi ya Tesco pekee huuza zaidi ya robo ya vyakula vinavyonunuliwa katika maduka ya nchi hiyo, hivyo kampuni ya ufungashaji iliyopoteza mteja wa namna hiyo haiwezi kupata wa kulingana naye ndani ya wiki moja.

Dhana: Supamaketi ikimbana mfugaji, angalau mlaji ananunua kwa nafuu.

Kwa muda mfupi mara nyingi ni kweli, hasa pale maduka yanaposhindana vikali, kama Aldi na Lidl zilivyowalazimisha wakongwe wa soko la Uingereza kushusha bei. Unafuu huo unadumu pale tu bei ya mfugaji inapofidia gharama zake. Zipo supamaketi zilizoingia mikataba ambayo malipo yake hufuata bei ya chakula cha kuku, na utaratibu huo hugawa hasara kati ya pande zote badala ya kuitwisha upande mmoja.

Dhana: Sheria ipo, kwa hiyo mfugaji analindwa.

Uingereza ina kanuni za kuzibana supamaketi kubwa tangu 2010 na msimamizi wake maalumu tangu 2013. Januari 2016 msimamizi huyo aliikuta Tesco na kosa kubwa la kuchelewesha malipo ya wauzaji wake. Kanuni hizo, hata hivyo, zinamlinda anayeiuzia supamaketi moja kwa moja. Mfugaji anayeiuzia kampuni ya ufungashaji yuko nje yake.

Kenya nayo iliingiza katika sheria yake ya ushindani katazo la kutumia vibaya nguvu ya mnunuzi. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani iliitoza kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini humo faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kuhusu ilivyowatendea wauzaji wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali. Wote wawili walikuwa na mikataba na supamaketi, na walikuwa na hati za kuweka mezani. Mfugaji anayempakilia dalali trei zake alfajiri kwa bei waliyokubaliana kwa simu hana hati ya namna hiyo, na bei ikishushwa hana pa kuanzia kudai.