Pitbull wa Jirani na Mbwa Koko wa Mtaani: Yupi wa Kuogopwa?

Jirani yetu hapa Nyali, Mombasa, ameleta pitbull. Nasikia Uingereza wamepigwa marufuku. Si ni hatari?

Wamepigwa marufuku huko tangu sheria ya 1991, na mwishoni mwa 2023 XL Bully, mbwa mkubwa anayefanana na pitbull, naye akaongezwa. Lakini Uholanzi, iliyokuwa na marufuku kama hiyo, ilitangaza kuiondoa mwaka 2008 kwa sababu watu waliendelea kung'atwa vilevile. Utafiti wa Marekani wa 2022 uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000 ulikuta kuwa jamii ya mbwa inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine.

Basi nisimuogope?

Ogopa taya zake. Mbwa mkubwa aking'ata anararua nyama. Kijibwa naye hung'ata, ila hakuna anayekwenda kushtaki. Mimi ningemuuliza jirani mambo mawili: amechanjwa, na lango linafungwa? Mbwa anayeshinda kwenye mnyororo na kupigwa huwa mkali, awe wa jamii yoyote.

Mwanangu kang'atwa na mbwa koko Kongowea. Ni mkwaruzo tu, bibi yake kampaka pilipili.

Mama, ioshe hiyo pilipili sasa hivi. Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, hata mtoto akilia. Mfereji ukiwa mkavu, kama ilivyo kawaida yetu, mtu mmoja amimine maji ya mtungi kwa kata, mwingine asugue taratibu. Mafuta ya taa na majivu, hapana. Na ile twahara ya Kiislamu ya kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, muulize shekhe. Udongo usiingie kidondani.

Kisha hospitali, leo hii. Mkwaruzo uliotoka damu unatosha kupitisha kichaa cha mbwa, na dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Zinaweza kuchukua miezi kujitokeza, ndiyo maana watu huacha sindano za chanjo njiani wakijiona wazima. Maliza zote. Kidonda kilichotoka damu huhitaji pia dawa ya kingamwili inayodungwa palepale kwenye jeraha, kwa hiyo iulizie.

Mbwa mwenyewe tumuue?

Msimuue. Akiweza kufungiwa bila mtu kuumia, aangaliwe siku 10 na daktari wa mifugo apewe habari. Mtoto aanze chanjo bila kungoja siku hizo ziishe.