Maabara ikipima vizuri, kanzidata haiwi sahihi yenyewe

Kuhusu kanzidata (hifadhi ya data kwenye kompyuta) ya sampuli za miamba kutoka mashimo ya kuchoronga, hapa Arusha nimeisikia kauli hii mara nyingi, hata kwa wanajiolojia wenzangu: "Maabara imeshapima, kilichobaki ni kuingiza kwenye kompyuta." Maabara hupima kilichomo kwenye mfuko wa sampuli. Mfuko ulitoka kina gani, haijui.

Chukua mche wa mwamba, yaani kipande kirefu cha mviringo kinachotolewa na mashine ya kuchoronga, uliochorongwa kutoka kina cha mita 42 hadi 45. Ukiupima boksini kwa tepu unapata mita 2.7. Sentimita 30 zimepotea, pengine kwenye majivu laini ya volkano, na miteremko ya Meru imejaa hayo. Asiyeandika upotevu huo, akaendelea kuunga vipande na kupima, anaisogeza juu kila sampuli inayofuata. Ndiyo maana kile kibao cha mbao chenye kina, kinachowekwa boksini kila mwisho wa mkupuo (awamu moja ya kuchoronga na kutoa mche), nakiheshimu kuliko desimali nne za maabara.

Kuna suala la ramani pia. Ramani zetu za zamani za karatasi zinatumia mfumo wa viwianishi wa Arc 1960, ilhali GPS ya mkononi kwa kawaida huja na mfumo mwingine, WGS84. Ukizichanganya bila kugeuza, shimo linahama karibu mita 300, kaskazini au kusini. Na jedwalini namba zinapendeza tu!

Halafu maabara huandika "<0.01", mwingizaji anaweka 0. Si sifuri hiyo. Ni chini ya uwezo wa kipimo.

Mimi huanza na ukaguzi usiogharimu kitu: kina cha "kuanzia" cha kila kipande ni kidogo kuliko cha "hadi"? Vina vya vipande vinaingiliana? Kuna sampuli iliyo chini ya mwisho wa shimo? Hiyo ya tatu hunichekesha, lakini huwa ipo.